Tuulize Nauli ya Rais Bila Kutukanana



Mei 2024 Rais William Ruto alipokewa White House kwa ziara ya kitaifa, ya kwanza kwa kiongozi wa Afrika tangu 2008. Ilikuwa heshima kubwa, na waliojivunia hawakukosea. Lakini mitandaoni gumzo lilikuwa ndege aliyosafiria: ndege ya kifahari ya kukodi kutoka Falme za Kiarabu, ambayo vyombo vya habari vilikadiria gharama yake kuwa takriban shilingi milioni 200. Rais alijibu kwanza kwamba ilikuwa nafuu kuliko Kenya Airways. Siku chache baadaye, kwenye maombi ya kitaifa, akasema marafiki walisaidia na gharama haikuzidi milioni 10.

Mnakumbuka, Wakenya wenzangu, tulivyojibizana. Aliyeuliza nani kalipa aliambiwa anaichafulia nchi jina mbele ya wageni. Aliyemtetea Rais aliulizwa kabila lake. Katika makundi ya familia shemeji walirushiana maneno usiku kucha, mmoja akajiondoa bila kuaga, na marafiki wale waliolipa hakuna aliyewataja tena.

Nawasihi turudi kwenye swali lenyewe. Ibara ya 76 ya Katiba yetu inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri. Basi anayetaka kujua marafiki hao ni akina nani anaulizia kilicho chake, awe wa Bondo au wa Eldoret. Na hao wageni tunaoogopa watatucheka wanasoma magazeti yetu kila asubuhi. Jina la nchi haliharibiwi na raia anayeuliza. Likiharibika, ni kwa kukosa jibu.

Sisi tunaouliza nasi tujichunge. Kabla hujasambaza picha ya viti vya ngozi na vitanda, hakikisha ni vya ndege ile ile. Ukitaja milioni 200, sema umezisoma wapi. Nawe unayemtetea Rais, tuletee hesabu, maana tusi halijawahi kuwa risiti. Wengi wenu mnampenda kwa dhati, na kumpenda hakukuzuii kutaka hesabu ijulikane.

Njia ipo, na hatuitumii vya kutosha. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi husika ijibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya ombi ya ukurasa mmoja inatosha: taja safari, tarehe, na unachotaka kujua, kisha ubaki na nakala. Mtafute yule mliyekosana naye kuhusu ndege hii, mkaitie sahihi barua hiyo pamoja.