Siku ya Kudoda Si Hukumu Juu ya Kazi ya Mikono

Leo tunapenda kuzungumza na familia ambazo kijana wao, wa kiume au wa kike, anatafuta riziki kwa kuuza kazi za sanaa katika maonesho na mikusanyiko ya watu: mchora picha, mwandishi wa khati anayeitia katika fremu, msusi wa mikeka na vikapu, mchonga vigoda.

Wakazi wa Bariadi wanaifahamu hali tunayoikusudia. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonesho ya Nane Nane ya kitaifa kwa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Lakini umati ni jambo moja na wanunuzi ni jambo jingine. Aliyefunga safari kuja kutazama mbegu, mifugo na zana za kilimo hupita mbele ya banda la sanaa, hushika kikapu, hukisifu, hukirudisha mahali pake, kisha huenda zake. Jua huzama, na kijana hurejea nyumbani na mzigo ule ule alioondoka nao asubuhi.

Hapo ndipo penye hatari. Swali la kwanza analokutana nalo mlangoni ni "Umepata ngapi?" Akijibu kwamba hakupata kitu, baba humwambia aachane na upuuzi huo, na ami huongeza kwamba huenda kazi yenyewe haina baraka. Sisi twasema kwamba siku moja ya kudoda si ushahidi wa kutosha dhidi ya kazi, wala dhidi ya mwenye kazi.

Kwanza, fedha ina msimu wake. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba, na mfuko wa mkulima hufuata pamba yake. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingojea malipo yao. Mtu anayedai fedha za pamba, na ada ya shule inamngoja, atanunuaje picha ya ukutani? Hakuikataa picha, mfuko ndio uliomkatalia. Basi mwenye banda na ajiulize kwanza wateja wake wamelipwa lini, kabla hajajiuliza kama kazi yake ni mbovu.

Pili, hesabu ya maonesho haifungwi kwa siku moja. Tuchukue mfano. Banda, nauli na chakula kwa siku 8 vimegharimu shilingi 160,000, na malighafi shilingi 120,000, jumla 280,000. Siku nne hakuuza kitu, na siku nne nyingine akauza vitu vya shilingi 400,000. Kilichobaki ni shilingi 120,000, yaani wastani wa shilingi 15,000 kwa kila siku, zikiwemo zile alizorudi mikono mitupu. Kweli, hapo bado hajajilipa jasho la wiki alizokaa akitengeneza. Kwa hiyo daftari ni la lazima. Na ikiwa maonesho matatu mfululizo hayarudishi gharama, basi abadilishe uwanja, ukubwa wa kazi au bei yake, kwani subira si ukaidi.

Tatu, siku tulivu ni siku ya kazi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vibao vyembamba na rangi za baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini fani yake haikufa, kwa kuwa alikuwa amewafundisha wenzake, nao mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mpita njia akimkuta fundi anafanya kazi husimama na kuuliza. Akimkuta amejiinamia hupita. Na wawili wanaochangia banda moja hugawana gharama na hupokezana zamu, hata Ijumaa ikifika kila mmoja apate namna ya kwenda kuswali. Surat al-Jumu'a inatukumbusha wale walioukimbilia msafara wa biashara wakamwacha Mtume (S.A.W.) amesimama akihutubu.

Ama kauli ya kwamba kudoda ni dalili ya uharamu, tunasema ni kauli ya hatari. Suala la picha za viumbe vyenye roho lina hukumu na mjadala wake kwa wanazuoni, na huamuliwa kwa elimu, si kwa kuhesabu mauzo. Haramu ngapi zinanunuliwa kwa foleni! Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba mtu mmoja alimweleza Ibn Abbas (R.A.) kuwa maisha yake yanategemea kuchora. Ibn Abbas alimpa onyo alilolisikia kwa Mtume, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Tazama hekima hiyo: hakumwambia aikunje mikono yake, bali aliielekeza.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile inayomjia muuzaji saa kumi jioni, mfuko ukiwa mtupu. Ndipo anapoapa kuwa kuna mteja alimpa bei kubwa zaidi, ilhali hakuna, anapomsimamisha rafiki ajifanye mnunuzi ili bei ipande, jambo alilolikataza Mtume (S.A.W.), au anapoita kazi ya mkono kitu kilichotoka kiwandani. Ahadhari pia kuitupa kazi kwa bei isiyorudisha hata malighafi, kwani atakayenunua leo kwa bei hiyo ataidai tena mwakani.

Enyi wazazi, badilisheni swali la mlangoni. Muulizeni kijana: nani alisimama, aliuliza nini, alikipenda kipi, kwa nini hakununua? Majibu hayo ni mtaji wa maonesho yajayo. Mpokeeni kwa chakula na maneno mema, kwani aliyeshinda juani akitafuta halali hakupoteza siku yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie kheri kazi za mikono ya vijana wetu, na awape wazazi moyo wa kungoja. Wabillahi tawfiq.