Picha Haina Vidole

Tuseme ukweli, msomaji. Ukinunua shati mtandaoni, umenunua picha. Rangi unaiona, bei unaiona. Lakini shati likifika na linakwaruza shingo kama gunia, utamlilia nani? Muuzaji keshakufungia zamani.

Sasa njoo Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, kwenye barabara ya Ahero kwenda Kisii. Sokoni hakuna mtu hununua kwa macho tu. Mama anatia mkono ndani ya gunia la mahindi, anasugua punje, anang'ata moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, anapita. Anayetaka dapi, ule mtungi wa maji, anaupapasa kwanza, halafu anaugonga asikie unaliaje. Mitumba nayo inafinywa na kuvutwa. Hiyo ni maabara, wasee, na haina bili ya stima.

Mahindi tayari yana mashine yake: kidude cha mkononi kinachosoma unyevu, na ukizidi asilimia 13.5, Kenya tunahesabu hayo ni mabichi. Je, ulaini na ukwaruzo?

Marekani wamejaribu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitumia kifaa kama kalamu chenye vihisi. Unakiburuta juu ya kitu, chenyewe kinarekodi mtetemo, kasi ya mkono na nguvu unayobonyezea. Baadaye kalamu nyingine inatetema vilevile ukichora kwenye skrini, na mkono unahisi kama umegusa kitu chenyewe. Mwaka 2014 walitoa bure mkusanyiko wa vitu 100: karatasi, vitambaa, mazulia, vigae, mawe, mbao na kadhalika.

Poa sana. Lakini mtungi wetu wenye alama za kamba uko wapi? Mkeka wa mafunjo ya ziwani je? Kila mtu hupima vilivyo karibu naye. Vyetu tusipovipima sisi, havitapimwa.

Utaniambia mkono unatosha. Kweli, kama uko Sondu. Mteja aliye Nairobi hana mkono huo. Kwake mtungi uliosuguliwa vizuri na ule uliofanywa haraka haraka ni picha mbili zinazofanana, kwa hivyo atalipa bei ya chini. Picha inamfanya fundi hodari alingane na mlaghai, na anayeumia ni fundi. Hiyo ndiyo sababu jambo hili si mchezo wa wasomi.

Mimi niliacha chuo, sina maabara. Lakini simu yako ina kihisi cha mwendo, kile kinachogeuza skrini ukiilaza. Hakitoshi kila kitu: ngozi ya kidole husikia vizuri zaidi mitetemo ya karibu mara 250 kwa sekunde, na simu nyingi hazinasi vizuri kasi hiyo. Ila kutofautisha kilichoparuza na kilicho laini, unaweza kuanzia hapo.

Tena usianze na simu. Anza na mama wa sokoni. Muulize laini kwake ni ipi, kavu ni ipi, anajuaje mtungi utavuja. Namba bila maneno yake ni mistari tu kwenye skrini. Na ukichukua muda wake na ujuzi wake, mlipe. Ujuzi ule ni mali yake, si wako wa kubeba bure.