Wimbi ni la Nani?

Bila shaka mnaukumbuka mjadala wa chama chetu muhula uliopita, ule wa vyakula vya asili. Msemaji mmoja alisimama akatangaza kwamba wimbi ni chakula cha watu wake, na ati wengine "mlikuja juzi tu mkafundishwa kula". Mwingine akamjibu kwa hasira kwamba basi kunde ni za kwao, na asiye wa kwao aache kuzichuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Hapa kwetu Busia na Malaba neno "mlikuja" si mzaha. Huanzia kwenye sufuria, likaingia shambani, na wakati wa kura hupiga kambi sokoni.

Maoni yangu ni kwamba swali kama hilo haliamuliwi kwa kupaza sauti. Lina ushahidi, na ushahidi wenyewe hauko Misri wala Ulaya. Uko hapa hapa Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk, chini ya mwamba wa Kakapel.

Wengi wetu tukisikia Kakapel tunafikiria michoro ya ng'ombe na ile ya duara iliyo kwenye mwamba. Ni kweli ipo, na inapendeza. Lakini utajiri mwingine uko chini, kwenye udongo. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, akina Emmanuel Ndiema na Christine Ogola, wakishirikiana na wenzao kutoka Marekani kama Natalie Mueller na Steven Goldstein, walichimba pale, na mwaka wa 2024 wakachapisha waliyoyapata. Binadamu wameutumia mwamba ule, wakija na kuondoka, kwa miaka kama 9,000.

Sasa utauliza, mtu aliyekufa zamani hizo utajuaje alikula nini? Njia yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Wanachukua udongo wa mahali palipokuwa na meko, wanautia ndani ya maji na kuukoroga. Mchanga na mawe yanazama. Mbegu zilizoungua zinaelea, kama vile mama anapoosha maharagwe na yale mabovu yakaja juu. Zinachujwa, zinaanikwa, kisha zinatazamwa kwa hadubini. Tena ni lazima ziwe zimeungua! Mbegu nzima huoza au huliwa na mchwa, lakini ile iliyoponyoka chunguni ikageuka mkaa hudumu. Kwa hiyo mpishi mzembe wa zamani ndiye aliyetuandikia historia.

Umri wake nao haukisiwi. Kila kilicho hai kina aina fulani ya kaboni ambayo, kikishafa, hupungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha kwa miaka kama 5,730. Wakipima kilichobaki ndani ya punje, wanajua ni ya lini.

Punje za Kakapel zasemaje basi? Kunde ilikuwapo miaka kama 2,300 iliyopita. Asili ya kunde ni Afrika Magharibi, na watafiti wanaona kuwa yaelekea ilifika na watu waliosema lugha za Kibantu. Mtama na wimbi vinaonekana pale kufikia miaka 1,000 hivi iliyopita. Wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nao mtama ulianza kulimwa upande wa Sudan. Walipata hata njegere iliyoungua, jambo ambalo hawakulitarajia kabisa. Na mifupa ya watu watatu waliozikwa hapo, mmoja wa miaka kama 3,900 iliyopita, mwingine 900 na mwingine 300, ilipopimwa ilionyesha kuwa yule wa kwanza alikuwa wa nasaba ya wawindaji, tofauti na wale wawili wa baadaye.

Kwa hiyo yule msemaji wetu wa wimbi na yule wa kunde wote walikosea njia. Mwamba mmoja, meko yale yale, na vyakula vilivyotoka pande zote za dunia yetu hii. Sisi ndio tuliolipa taifa neno boda boda, maana lilizaliwa hapa mpakani kwetu, halafu tunashangaa kwamba kunde nayo ilivuka!

Na mahindi je? Ugali wa mahindi tunaouita wa mababu, pamoja na githeri ya saa saba, mahindi na maharagwe yake, yote asili yake ni Amerika, yakavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mihogo na viazi vitamu vilevile. Simkatazi mtu ugali wake, hata mimi naula na kuongeza. Ila ukitaka kumfukuza mwenzako mezani kwa sababu alichelewa kufika, anza na sahani yako.

Wapo watakaosema kazi ya kuchokoa majivu ni kupoteza pesa. Mbona wenzetu hawaoni hivyo? Kule nyika za Mongolia wamechunguza ukoga uliogeuka jiwe kwenye meno ya wafugaji wa kale, wakajua walikunywa maziwa miaka 5,000 iliyopita. Mwaka wa 2021 njia hiyo hiyo ilionyesha kuwa wafugaji wa kilima cha Lukenya, karibu na Nairobi, walitumia maziwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Meno ya Mkenya yanaeleza mengi kama ya Mmongolia.

Kila mwaka tunachangishwa nauli ya kwenda kutazama mbali, Kisumu au Nairobi, na basi linaondoka alfajiri. Nimeiandikia kamati ya chama kwamba safari ya mwaka ujao iwe Kakapel. Sisi wa kutwa wa Malaba tutamudu, na hata wasioweza kulipa safari ndefu watakuja. Na wale wasemaji wawili wakae kiti kimoja. Mwenye hoja ya kupinga, kalamu ni hii, na ukurasa wa barua uko wazi.