Makombo ya Wandegeya ni Chakula cha Bata, Lakini si Yote

Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere jijini Kampala, ni mahali ambapo jiko halizimi. Mchana hupikwa matoke, posho, wali, maharage na mchuzi wa karanga. Jioni moshi wa kuku wa kuchoma hutanda barabarani, na wauzaji wa rolex, yaani chapati iliyoviringwa pamoja na mayai, huwahudumia wanafunzi hadi usiku. Jina la mahali hapo latokana na endegeya, ndege hodari wa kusuka viota, ambaye kwa Kiswahili huitwa mnana. Siku hizi kinachoonekana kwa wingi zaidi kuliko viota ni ndoo za makombo.

Sehemu kubwa ya takataka za Kampala ni mabaki ya vyakula na maganda. Tangu mwaka 1996 taka hizo zilikuwa zikimwagwa Kiteezi, wilayani Wakiso, mpaka tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka ulipoporomoka, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Wafugaji wa nguruwe wamezoea kupita hotelini kukusanya makombo. Mfugaji wa bata naye aweza kufanya hivyo, awe raia au mke wa askari mwenye kibanda cha bata nyuma ya nyumba, kwani gharama ya chakula cha dukani ndiyo imezayo faida yake.

Kwanza hesabu. Bata mzima huhitaji gramu 150 hadi 200 za chakula kikavu kwa siku. Makombo ya matoke au posho, takriban robo tatu yake ni maji. Hivyo kilo moja ya makombo hutoa chakula kikavu cha gramu 250 tu. Ndoo iliyojaa kilo 20 yaweza kuwashibisha bata wapatao 25 au 30, wala si mia kama wengine wadhanivyo.

Pili, na hapa ndipo mali ya watu hupotea, bata si pipa la taka. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na vifaranga wengi wa bata pia, huku madaktari wa mifugo wakiwa hawaujui ugonjwa wenyewe. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota kuvu. Karanga kutoka Uganda nazo zilipochunguzwa zilikutwa na kuvu hiyo. Sumu yake leo huitwa sumukuvu, na hushambulia ini. Kifaranga wa bata huathiriwa nayo upesi mno, hata wataalamu wakamfanya kuwa kipimo chao katika maabara: chakula kilichoshukiwa kilikuwa kikilishwa kifaranga wa siku moja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Mama wa nyumbani aonaye ukungu juu ya posho ya juzi, akaukwangua na kuichemsha upya, hajaondoa kitu. Mkate uliochacha, mahindi yaliyobadilika rangi, karanga zilizosinyaa na mchuzi wake uliolala siku mbili, vyote havifai kwa bata, na kwa hakika havifai kwa mtu. Hapana budi makombo yachukuliwe siku ile ile yalipobaki, yawekwe katika ndoo safi yenye kifuniko, na yaliwe kabla ya siku ya pili kwisha.

Yafikapo nyumbani humwagwa kwenye karai na kuchambuliwa. Mifuko ya plastiki, njiti za mishikaki na vipande vya mifupa hutolewa. Chipsi zilizonyunyiziwa chumvi nyingi huachwa, maana chumvi humdhuru bata. Parachichi, ijapokuwa limejaa tele masokoni, lisitiwe kabisa. Ganda, kokwa na nyama yake vina sumu kwa ndege. Maganda ya muhogo hukaushwa vizuri juani kwanza. Mabaki ya maharage yawe yameiva barabara.

Matumbo mabichi ya kuku ni hatari ya namna nyingine. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa Uganda, yakawapata ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria, na huko Masaka bata na kuku wa kufugwa. Nyama yoyote ichemshwe hadi iive kabisa, na iliyooza itupwe. Bata alaye mzoga au funza wake hulegea shingo na kufa.

Makombo ya hotelini hushibisha lakini hayajengi mwili. Matoke na posho vina protini kidogo. Dagaa wa mukene waliosagwa, pumba ya ngano na machicha ya pombe yaliyo mabichi ndivyo vizibavyo pengo hilo. Pumba, dagaa na machicha vina vitamini iitwayo niasini, ambayo bata huihitaji kuliko kuku. Anayekua bila kuipata ya kutosha huota miguu iliyopinda, akashindwa kutembea. Vifaranga wasipewe makombo kabla ya wiki nne. Wapewe chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 20 au zaidi kidogo.

Sheria ndogo za Jiji la Kampala za mwaka 2006 zamtaka mfugaji awe na kibali, na akaaye kambini humwomba mkuu wake ruhusa kabla ya kununua hata bata mmoja. Bwawa si lazima. Lakini kando ya chakula pawe na chombo cha maji chenye kina cha kutosha bata kuzamisha mdomo na pua, kwani hula na kunywa kwa zamu, na huziba pua kwa tope la chakula akikosa maji. Kinachobaki baada ya saa moja hufukiwa kwenye migomba, na karai huoshwa siku hiyo hiyo.