Mzee Asahauye Si Mchawi, Wala Si "Mzee Tu"

Katika nchi ya Meru na Embu, mzee aanzapo kupotea njia ya kwenda kwake, majirani hutafuta neno la kumweleza. Wako wasemao kuwa amerogwa. Wako wasemao kuwa yeye mwenyewe ndiye mrogi, kwa sababu ameonekana usiku akitembea peke yake katika migomba ya watu. Na wako wenye elimu yao, wasemao, "Ni uzee tu." Nakusudia kuwapinga wote, lakini hasa hawa wa mwisho, maana neno lao lasikika kama busara.

Wale wa kwanza hawahitaji maneno mengi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma ya uchawi. Sisemi kwamba walikuwa wagonjwa. Nasema kwamba umati haukuuliza.

Sasa tuwageukie wenye "uzee tu." Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyefariki baada ya kupotewa na kumbukumbu kwa miaka kadhaa. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 55. Je, huo nao ni uzee? Alichokiona daktari ni mabaka nje ya seli za fahamu, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo twajua kuwa vitu hivyo ni protini zilizoharibika.

Mwili hufanya protini kama mtu atungaye ushanga. Chembe ziitwazo asidi amino hufungwa mfululizo, kisha uzi hujikunja ukapata umbo lake, na kazi ya protini hutegemea umbo hilo. Katika maradhi ya Alzheimer, protini mbili huacha desturi yake. Moja ni amiloidi-beta, kipande kikatwacho kutoka protini kubwa iliyo katika ngozi ya seli. Kwa mtu mwenye afya vipande hivyo huondolewa. Kwa mgonjwa hugandamana vikawa mabaka. Ya pili ni tau, nayo mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya ataielewa upesi. Yeye huleta maji shambani kwa mfereji, na penye udongo mwepesi hushikiza kingo kwa vigingi. Seli ya fahamu nayo ina mifereji myembamba ipitishayo mahitaji yake, na tau ndiyo vigingi. Ikiharibika, vigingi hung'oka na kutatizana, mifereji hubomoka, na seli hudhoofika hata ikafa. Mambo haya huweza kuanza miaka 15 au 20 kabla ya dalili ya kwanza.

Uharibifu huu huanzia karibu na mahali pawekwapo kumbukumbu mpya. Ndiyo sababu ajuza asiyejua kama amekula asubuhi aweza kusimulia jinsi watu wa Embu na Meru walivyokusanywa vijijini mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Watu husema anajifanya. Hajifanyi.

Tena, kama kusahau huku kungekuwa uzee tu, kila mzee angekupata. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, kwa wakulima wa migomba na kahawa wanaofanana sana na wetu, utafiti uliotolewa mwaka 2013 uliwapima watu wa miaka 70 na zaidi. Wenye maradhi ya kupotewa na akili, ya Alzheimer na mengineyo, walikuwa kama 6 katika kila 100. Basi wale wengine 94 hawakuwa wazee?

Huenda mtu akajibu: dawa ya kuponya haipo, hospitali ya nini? Ni kweli kwamba haipo. Dawa iitwayo lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi lakini hupunguza mwendo wa maradhi kidogo tu; na wataalamu wangali wakibishana kama amiloidi ndiyo mzizi wa yote. Lakini si kila asahauye ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vema, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, hata huzuni kubwa, huleta kusahau, na hayo hutibika. Asemaye "uzee tu" humnyima mzee bahati hiyo.

Na kuna shamba. Wameru, wenye baraza la Njuri Ncheke, tangu zamani walitegemea kumbukumbu za wazee kuamua mpaka wa nani uko wapi. Kumbukumbu hiyo ikifa, hutokea mtoto au jirani mwenye karatasi, akamshika mzee kidole na kukitia wino. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya huruhusu mahakama kumweka msimamizi wa mali ya mgonjwa wa namna hiyo. Mahakama itataka neno la daktari, na daktari, awe Embu au Meru mjini, atauliza: alianza lini, alisahau nini kwanza, aliwahi kuanguka, anakunywa dawa gani? Mwanafunzi akaaye na nyanya yake aweza kuyaandika hayo yote katika daftari jioni ya leo.