Mwenyewe ni Nani?

Katika ofisi zetu yamo maneno matatu ya Kiingereza ambayo aghalabu hufasiriwa kwa neno moja tu la Kiswahili, "kumiliki". Nayo ni "ownership", "possession" na "occupancy". Katika mazungumzo ya kila siku Mwingereza mwenyewe huyachanganya. Husema "my possessions" akikusudia mali yake yote. Lakini yakifika mahakamani, maneno hayo huachana kabisa.

La kwanza ni milki hasa: haki ya kuuza, kutoa na kurithisha. La pili ni kuwa na kitu mkononi, kiwe chako kisiwe chako. Ndiyo maana aliyekutwa na dawa za kulevya haokoki kwa kusema tu kwamba mzigo si wake. La tatu ni kukaa na kutumia, kwa idhini na kwa masharti.

Sisi wa visiwani hatuna udhuru wa kutozijua tofauti hizi, kwani fiqhi tuliyosomeshwa chuoni inazipambanua. Msimamizi wa wakfu hushika funguo za nyumba, hukusanya kodi na kuitengeneza, wala nyumba si yake.

Uzito wa jambo uko katika ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na maelfu ya wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria Nam. 12 ya 1992 nayo ikaweka kwamba ardhi ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na anachopewa mwananchi ni "right of occupancy", yaani haki ya kuitumia. Mkulima wa Pemba husema "shamba langu", na kwa lugha ya nyumbani hasemi uongo. Lakini karatasi ya ofisini ikimwita "mmiliki", naye akaliuza kama auzavyo ng'ombe wake, mnunuzi atakuja kuambiwa kuwa uhaulishaji ulihitaji idhini. Wakati huo fedha zimekwisha kuliwa, na ugomvi wamerithi watoto. Tena hapo hatujaigusa mikarafuu, ambayo kwa mila zetu yaweza kuwa na mwenyewe wake, na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwengine.

Kosa hili si la mkulima. Ni la mwandishi wa fomu. Neno milki liachiwe milki. Hati ya ardhi na itaje wazi haki ya matumizi, muda wake na masharti yake, kabla mwananchi hajatia dole gumba.