Pakia Linux kama sanduku la shule ya bweni

Nitasema tu bila kuzunguka: orodha ya programu zinazokuja ndani ya Linux siku ya kwanza haifai kupangwa na msee mwenye Wi-Fi. Ipangwe na yule ambaye data yake iliisha jana jioni.

Najua wengine wenu mshaanza kupangusa skrini mwende kwa post ingine. Ngojeni kidogo. Hii story inakuhusu hata kama hujawahi kugusa Linux maishani.

Kwa nini naandika sasa? Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka mashine yenye TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Kwa Intel, kwa jumla ni kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa tembea saiba za Kitui mjini, Mwingi, Wote ama Emali, uangalie kompyuta zilizoko pale. Utakutana na zile ex-UK, Dell na HP za kizazi cha 3 na cha 4, chuma ngumu ambazo bado zinapiga kazi kutoka asubuhi hadi jioni. Hazijaharibika. Zimekataliwa tu.

Linux inaweza kuziokoa. Na hapa Kiswahili kimetubariki, kwa sababu Kiingereza kina neno moja tu la “free” na sisi tuna mawili: bure na huru. Linux ni bure, hulipi. Lakini pia ni huru: unaruhusiwa kuifungua, kuongeza, kupunguza, kunakili na kumpa jirani. Hiyo ya pili ndiyo watu husahau, na ndiyo hoja yangu yote.

Watu wakiniletea laptopu niwawekee Linux, huwa nawatazama wanavyoifungua mara ya kwanza. Hakuna anayeuliza kernel ni namba gani. Wanauliza maswali matatu. Word iko wapi? Hii video kwa flashi yangu itacheza? Nitaprinti aje? Basi. Kama kila jibu ni “pakua kwanza”, umempoteza. Siku mbili baadaye ashaenda kuwekewa Windows ya kuibwa, pamoja na vile virusi vinageuza folda zote kuwa shortcut. Na harudi tena. Atakuambia Linux ni ya mahacker.

Kwa hivyo fikiria orodha ya programu kama shopping ya Form One. Mtoto akienda shule iliyo na supermarket karibu na geti, unaweza kumpa sabuni moja na pesa kidogo, mengine atanunua. Lakini akienda shule ya bweni huko ndani ndani, mbali na duka, unapakia sanduku hadi linakataa kufunga. Sabuni, dawa ya meno, kalamu, sindano na uzi. Unajua kile hakiko ndani ya sanduku hakipo, mpaka midterm.

Wanaotengeneza Linux kubwa kubwa wanapakia wakidhani kila mtu yuko karibu na supermarket.

Na haikuwa hivyo zamani! Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la kwetu Wabantu: utu. Kutoka 2005 hadi 2011 walikuwa na mpango unaoitwa ShipIt. Ulikuwa unaomba CD, wanakutumia kwa posta bure, popote ulipo duniani. Walielewa kwamba kuna watu ambao mtandao hautawafikishia kitu. Shida ya wakati huo ilikuwa nafasi: CD inabeba MB 700 hivi, kwa hivyo kila programu ilipiganiwa. Mwaka wa 2010, kwa toleo la 10.04, GIMP ya kuhariri picha ilitolewa kwa CD.

Leo hakuna CD. Flashi ya GB 32 ni shilingi mia kadhaa. Faili ya Ubuntu 24.04 yenyewe inakaribia GB 6. Nafasi iko! Lakini tangu toleo la 23.10 la Oktoba 2023, ukifuata njia ya kawaida ya kuiweka, unapata brauza na vitu vichache vya msingi. LibreOffice haimo, mpaka wewe mwenyewe uchague ile njia kubwa. Wazo ni kwamba utapakua unachotaka. Mtu wa Ukambani hamwambii mwenzake anayesafiri kiangazi, “Maji utapata mbele.” Anambebea mtungi.

Kuna wale watasema: si waliuliza watu? Ndiyo, waliuliza. Julai 2017, kampuni ya Canonical iliuliza watumiaji mtandaoni wangependa programu gani ziwe ndani ya Ubuntu 18.04. Walipata majibu zaidi ya 15,000. Upande wa video, VLC iliongoza, lakini toleo lilipotoka Aprili 2018 lilikuja na Totem. Ni sawa, sikatai kwamba kuuliza ni vizuri. Swali langu ni hili: nani alijibu? Ni wale walio na mtandao wa kujibu. Yule ambaye orodha hiyo inamuumiza zaidi hakuwa kwa hicho chumba. Konza Technopolis, jiji la kiteknolojia la taifa, liko Malili, ndani ya Makueni. Na kwa Makueni hiyo hiyo bado kuna mahali unapanda kilima ndio simu ishike mtandao.

Sasa nisilalamike tu. Sanduku langu lingekuwa na nini?

Kwanza, LibreOffice nzima, si nusu. Sikizeni hii: hata ukichagua ile njia kubwa ya Ubuntu, kwa kawaida unapata LibreOffice bila Base, ile ya hifadhidata. Na mwanafunzi wa KCSE anayefanya Computer Studies ana karatasi ya vitendo ambapo maswali ya hifadhidata ni ya kawaida kabisa. Yaani mtoto anafungua kompyuta ya “bure”, na kitu kimoja anachohitaji kwa mtihani ndicho kimeachwa nje. Wakati uko hapo, weka na Scribus ya kupanga kurasa. Weka pia fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri. Bila hiyo, CV uliyoandika saiba kwa ukurasa mmoja inaweza kufunguka ikiwa kurasa mbili, na mistari imehama.

Pili, VLC pamoja na kodeki zake zote. Video za MP4 hutegemea kodeki, na kwa sababu ya mambo ya hataza za nchi zingine, Ubuntu na Mint haziweki zote ndani. Unatia tiki, halafu zinapakuliwa. Hapo tumerudi kwa data. Kwetu mtu anabeba benga ya Ken wa Maria kwa flashi kutoka Kibwezi hadi Mutomo. Akichomeka flashi na skrini imwambie “haiwezekani”, hiyo kompyuta ishafeli mbele ya kijiji kizima.

Tatu, lugha. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ipo kwa LibreOffice, imeandikwa ni ya Kiswahili cha Tanzania, lakini inatufaa. Iwe ndani na iwe imewashwa. Kibodi nayo: Kikamba kinahitaji ĩ na ũ. Linux ina kibodi ya Kikuyu kwenye sehemu ya Kenya, na herufi hizo ziko hapo. Haihitaji kupakuliwa. Imefichwa tu ndani ya mipangilio, mahali nyanya yako hatafika. Iwekwe juu, pale karibu na saa, mtu abonyeze aandike Kikamba vile kinafaa kuandikwa.

Nne, Kiwix. Hii ndiyo ningepigania hadi mwisho. Ni programu ya kusoma Wikipedia na vitabu vingine bila mtandao kabisa. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha ni kama GB 100, hiyo hatuwezi. Lakini ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha, na kuna mafungu madogo ya Kiingereza yaliyochaguliwa kwa mada. Mwanafunzi ambaye shule yake haina maktaba ya maana anapata maktaba kwa kubonyeza tu.

Tano, programu ya kujifunza kutaipu, kama KTouch. Ukitaka kazi za mtandaoni ama hata kazi ya saiba, vidole vyako ndio mtaji.

Sita, si programu, ni mpangilio. Kwetu intaneti ya kompyuta mara nyingi ni hotspot ya simu. Ubuntu hutumia snap, na kwa kawaida snap hutafuta matoleo mapya mara 4 kwa siku. Ukiwa na Wi-Fi ya ofisi hata hujui. Ukiwa na data ya shilingi 50 unajua vizuri sana. Kompyuta iulize kwanza kabla ya kula data ya mtu. Hiyo ni adabu tu.

Na nini kitoke? Thunderbird, kwa sababu barua pepe tunasoma kwa simu. Programu ya torrent pia, maanake nani anashusha torrent na data ya siku moja? Michezo mingi ya karata itoke, ibaki Solitaire peke yake, kwa sababu hakuna mwalimu bora wa kumfundisha mtu kuburuta na mouse.

Kuna jamaa tunabishana naye kila wiki. Yeye anasema mashine ni za RAM ya GB 4, ukijaza programu zitakwama. Hoja yake si ya kijinga, lakini anachanganya vitu viwili. Programu iliyokaa kwa diski bila kufunguliwa inakula nafasi ya diski, haili RAM. Kinachokwamisha mashine ndogo ni vile vitu vinavyojiwasha vyenyewe ukiiwasha. Kwa hivyo chagua Mint ya Xfce ambayo ni nyepesi, zima vinavyojiwasha bila sababu, halafu jaza sanduku. Diski ya GB 120 itabeba kila kitu nilichotaja na nafasi ibaki.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Anasema, wewe ni nani umchagulie mtu? Si Linux ni uhuru? Ni kweli. Lakini kumwachia mtu mezani tupu si kumpa uhuru. Uhuru wa kuchagua unaanza ukiwa na kitu mkononi. Mwenye mtandao ataondoa LibreOffice kwa dakika moja akitaka. Asiye na mtandao hawezi kuiongeza kwa dakika moja. Kosa moja ni rahisi kurekebisha, lingine si rahisi. Basi tukikosea, tukosee upande wa kuweka.

Na msifikirie haya ni mawazo ya juzi. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Angalia walianza na nini. Hawakuanza na michezo wala vitu vya wataalamu. Walianza na kile karani, mwalimu na mwanafunzi wanafungua kila siku. Watu wa Dar walijiuliza swali sahihi zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Sisi tunaweza kufanya sehemu yetu bila kungoja mtu wa London. Kuna programu inaitwa Cubic, inakuwezesha kuchukua Ubuntu, kuongeza na kutoa programu, na kutoa faili yako mwenyewe ya kuweka kwa flashi. Jambo moja la kuangalia: usiiite Ubuntu ukiigawa, hilo jina lina mwenyewe. Ipe jina lako. Unapakua mara moja kwa mtandao wa chuo ama wa rafiki, halafu flashi moja inahudumia kompyuta hamsini bila data hata kidogo.

Lakini kabla ya kufungua Cubic, tufanye utafiti wetu. Wewe uko SEKU pale Kwa Vonza? Uko Wote, Makindu, Kyuso? Jumamosi moja kaa saiba saa tatu na kalamu na karatasi. Omba mwenye saiba ruhusa. Usiandike jina la mtu wala alichoandika. Andika tu kila anayeingia ametaka kufanya nini: kuprinti, kuskani, fomu ya HELB, CV, kuhamisha nyimbo. Piga vijiti vya hesabu. Nitumie hizo karatasi kwa picha, mimi nitazijumlisha na kuposti matokeo hapa, hata yakionyesha Thunderbird inapendwa na mimi ndiye nimechizi.

Orodha itakayotoka hapo itakuwa imepangwa na watu walio mbali na duka. Niambieni kwenye komenti saiba gani, Jumamosi gani.